Jina Alilokuita Babu

Nyumbani kwa Bibi Rosetta,
Kisiwa cha St. Helena,
Carolina Kusini.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Ernestine,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya baridi ya huko Tacoma kupungua. Sisi hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi tu, na akiulizwa anasema ni vumbi. Baba yuko baharini kwenye boti ya kuvua kamba, atarudi Ijumaa. Mimi nimefunga shule salama.

Dari la baraza tumelipaka rangi upya, buluu ileile. Maji ya bahari yakipwa, harufu ya tope bado inaingia hadi jikoni, na Bibi bado anasema, “Atakayeona inanuka ahamie kwingine.” Nikiisikia nakukumbuka wewe, ulivyokuwa ukifungua madirisha yote wakati wengine wanayafunga.

Mwaka huu nimejifundisha jambo ambalo huenda utalicheka. Maktaba ya shule ina masomo ya uchambuzi wa data kwenye kompyuta, na kwa kuwa saa ya chakula huwa sina wa kuketi naye, nikaanza kuyafuata. Wanashauri mwanafunzi achague kitu anachokipenda, akihesabu. Wengine huchagua mpira. Mimi nilichagua majina yetu, sisi watu weusi wa kisiwa hiki.

Niliyakusanya kutoka kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa na mawe ya makaburini, nikayapanga kwenye jedwali mwaka baada ya mwaka. Shangazi, ni kama kuwaona watu wakipita barabarani. Wanatangulia kina Hagar na Cupid, wanafuata kina Rosetta na Ezekiel, kisha miaka ya sabini wanaingia ghafla kina Jamila na Imani, watoto waliopewa majina ya Afrika na wazazi ambao hawajawahi kufika Afrika. Halafu kina Lakeisha, na mwishoni sisi kina Jaelynn, ambao walimu wa bara husita kwanza kabla ya kutuita.

Lakini nilikosea. Somo mojawapo linasema data lazima isafishwe: jina likijirudia, futa, bakiza moja. Nikafuta. Nikachora kwa rangi mti wa ukoo wetu wa kutundika kanisani, nikauleta mezani baada ya ibada, wali mwekundu ukiwa bado unafuka moshi. Baba Mdogo Isaiah akautazama, akaweka uma chini.

“Mama, nimekufa lini?” akamwuliza Bibi.

“Hata mimi sikualikwa mazishini,” Bibi akajibu.

“Huyu mtoto kanizika bila hata kipande cha kuku! Isaiah Capers yuko mmoja tu hapa, tena kazaliwa enzi za mikokoteni.”

Mwanawe, binamu Isaiah, akadakia, “Afadhali wewe, Baba, una kaburi la kuazima. Mimi sikuzaliwa kabisa!”

Walicheka mpaka chai ya barafu ikamwagika. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza. Kompyuta ilikuwa imewafanya kina Isaiah wote kuwa mtu mmoja, na mimi ndiye niliyeiamuru.

Bibi alipofuta machozi ya kicheko akaniambia, “Ndiyo maana tuna majina ya kikapu, mjukuu wangu. La kanisani tunarithishana. Lile unalopewa ungali umelazwa kapuni ni lako peke yako.” Akaanza kunitajia: Isaiah wa kwanza ni Tunka, Baba Mdogo ni Buh, binamu ni Mook. Majina hayo nimeyasikia maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kuwa nayo ni ya kuhesabiwa.

Nikachukua kalamu. Bibi akanishika mkono. “Polepole. Hilo ni jina la ndani. Wafu nitawasemea mimi. Aliye hai aulizwe mwenyewe.”

Unajua ninavyoona haya kugonga mlango wa mtu. Lakini nilikwenda, kwa ndugu mmoja mmoja. Mzee Solomon wa duka la chambo alikataa katakata. “Likitundikwa ukutani, watoza kodi watanipata!” Mama Geneva wa kwaya alinitajia lake kwa kunong’ona, kisha akanifungia mkate wa mahindi.

Sasa umebaki wewe. Baba aliniambia nikuache. “Dada aliliacha jina lile siku tulipomzika baba yetu. Ndiye peke yake aliyekuwa akimwita hivyo. Usimchokoze.” Bibi aliendelea kubambua maharage yake, kisha akasema, “Mimi nalijua, lakini silitoi. Mwenyewe yuko hai. Muulize.”

Kuna siku moja ambayo naiona kama jana. Nilikuwa mdogo, nimeketi kwenye ngazi nakula tikiti maji. Babu alitoka na ndoo ya kaa, akakuita kuelekea kijitoni. Hakupaza sauti sana. Ukaitika kutoka kwenye majani marefu, “Nakuja, Baba, usianze kuwachemsha bila mimi!” ukaja mbio, viatu mkononi. Naikumbuka sauti yake, nakumbuka na jinsi ulivyoitika. Jina lenyewe limenitoka. Nimelitafuta kichwani darasani na kanisani, na kila mara napata kuitika kwako tu.

Mti wa ukoo utatundikwa ukumbini mwa kanisa mwezi wa nane, siku waliotoka kisiwani wanaporudi kusali nasi. Ukisema niache, nitaandika Ernestine tu, wala sitamwuliza mtu mwingine. Lakini ukikubali, usiniandikie. Bibi anasema jina la kikapu halijawahi kupita posta. Husemwa kwa mdomo, likasikiwa. Piga simu, hata kama unajua mimi kwenye simu huishiwa maneno. Ukija mwenyewe itakuwa bora zaidi. Bibi ameshatandika kitanda cha chumba cha nyuma, ingawa hakuna aliyemwambia.

Na kama hutaki lionekane ukutani, niambie mimi peke yangu. Mti wa ukoo unaweza kukosa jina. Mimi nataka tu awepo tena mtu mmoja duniani anayeweza kusimama pale kwenye ngazi akakuita, nawe ukajua ni wewe.

Baba Mdogo Isaiah anakusalimu na kusema yeye ni mzima, licha ya habari nilizoeneza. Binamu Isaiah na Mama Geneva wanakusalimu pia. Bibi anakubusu. Mungu aliyekuwa akimrudisha Babu kutoka majini akutunze huko uliko.

Ni mimi, mtoto wa mdogo wako, nikupendaye sana,

Jaelynn