Jeli ya Buluu kwa Mgonjwa wa Getini

3 Februari

Mjukuu wangu, mboni ya jicho langu,

Hujambo? Unakula, au unadonoa tu kama kuku mgonjwa? Mimi sijambo kuanzia gotini kwenda juu. Chini ya goti usiniulize.

Barua yako nimesomewa na fundi cherehani wa jirani, na ndiye anayeandika hii. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinipambe. Eti huko hospitali kubwa mnafuga utelezi wa kijani kwenye matenki ya kioo, mnautoa rangi, mnaitia kwenye jeli ya kupaka vidonda! Utelezi huu huu ninaousugua kwenye pipa la maji tangu sijaolewa! Nimecheka mpaka fundi akaangusha kalamu.

Lakini sikufichi. Kidonda changu kinanuka. Nimeacha kukaa na wenzangu. Wananiambia "karibu" huku wanasogeza viti. Kama utelezi utaniondolea aibu hii, hata wa chura naupaka.

Bibi yako

14 Februari

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, na ninakula. Msalimie fundi.

Cheka, ila nakuomba usipake utelezi wa pipani! Vijidudu vya utelezi ni vya ukoo mmoja, lakini ukoo mmoja huzaa mtu mwema na huzaa mwizi. Vingine vina sumu ya kuangusha ng'ombe. Vya kwetu vimechaguliwa. Mimi ndiye ninayevilisha, kuvipa mwanga na kuvichuja. Rangi ya buluu tunayoitoa humo inaelekea kupunguza uvimbe na kusaidia kidonda kufunga. Nasema "inaelekea" kwa sababu bado tunajaribu. Wagonjwa wengine wanapewa jeli yenye dawa, wengine jeli tupu iliyotiwa rangi ili ifanane, na hakuna anayejua nani kapata ipi mpaka mwisho.

Nafasi zinakwisha. Njoo, Bibi. Ukifika, maneno niachie mimi.

Mjukuu wako

22 Machi

Mheshimiwa,

Salamu. Afya yako sijui niiulizie vipi, maana hatujuani.

Tangu nirudi nimenyamaza nikingoja hasira ishuke. Haijashuka. Nilivaa gauni langu la harusini, nikapanda basi, mguu nimeulaza juu ya mfuko. Nilipokuona na koti jeupe, moyo ulijaa pomoni. Mkuu wako akauliza, "Huyu mama ni ndugu yako?" Ukasema, "Hapana, nimemkuta getini."

Getini! Mimi niliyekutafunia chakula ukiwa huna jino! Na pua ulikuwa umeiziba.

Niliinamisha kichwa, nikaoshwa, nikapakwa, nikafungwa, nikapewa tyubu na bandeji za nyumbani, nikaondoka. Kidonda kinapungua, sikatai. Lakini kila nikipaka nasikia "getini", hamu ya kupona inaniisha. Fundi anaandika haya huku anajifanya anatafuta uzi. Na mbele yake pia nimeaibika.

Mgonjwa

5 Aprili

Shikamoo Bibi, nakupigia magoti.

Sina uso wa kukuuliza hali, ila nauliza: mguu unaendeleaje?

Hapa kuna sheria: ndugu wa mfanyakazi haingii kwenye majaribio. Nilisema nimekukuta getini ili upate nafasi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Lakini hakuna sheria iliyoniambia nizibe pua. Wenzangu walikuwa wananitazama, nikaona haya. Bibi, nilionea haya kuwa wako.

Juzi nilikwenda kwa mkuu nikasema kweli yote. Akasema, "Umeniharibia kazi, na bibi yako umemvunjia heshima." Wewe umeondolewa kwenye majaribio. Mimi nimeondolewa kwenye matenki, sasa naosha chupa. Na kwa kuwa umeshatoka, walifungua orodha ya siri waone ulipewa ipi. Ulipewa jeli tupu. Kidonda kinapungua kwa sababu kinaoshwa na kufungwa kila siku, basi. Mimi nilikukana kwa ajili ya rangi.

Nenda zahanati ya hapo wakuendeleze. Na unijibu, hata kwa tusi.

Mjukuu wako, kama bado

19 Mei

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mikono haijababuka kwa sabuni? Nimechelewa, usimlaumu fundi. Alikuwa akija na kalamu, mimi namfukuza.

Tusi lilikuwepo, tena refu. Nililitunga njiani nikienda zahanati. Nesi wa pale ni mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akanisafisha, akauliza, "Nyumbani atakufunga nani?" Nikasema sina mtu. "Hata mjukuu?" Nikamjibu, "Nilikuwa naye mmoja. Alikufa."

Akanishika bega, akanipa pole. Na mimi nikaipokea! Na chozi nikalitoa! Nimekuzika ukiwa hai, mwanangu, mbele ya mtu nisiyemjua, kwa hasira tu. Wewe ulisema hunijui; mimi nimekutia kaburini. Haya, nani kamzidi mwenzake?

Fundi ameacha kuandika, ananitazama. Andika, fundi! Umelipwa chai au hukulipwa?

Nikakaa na aibu hiyo mpaka ikanishinda. Wiki iliyopita nikarudi kwa nesi, nikamwambia uko hai. "Kumbe amefufuka!" akasema, na chumba kizima kikasikia. Nikatamani sakafu ipasuke. Kisha akasema nikulete ufundishwe kufunga, maana kidonda hakitaki mikono ya kubahatisha.

Zamu yangu ni kila Jumamosi asubuhi. Watu hujaa benchi mpaka mlangoni, na harufu bado ipo, si haba. Akimaliza kunisafisha, nesi atatoka mlangoni aite kwa ile sauti yake: "Ndugu wa huyu bibi ni nani?"

Usingoje aite mara ya pili.

Bibi yako