Mistari Mitatu ya Baba wa Bi Harusi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza naomba kila asomaye ukurasa huu avue kofia, maana nina tangazo zito: juzi asubuhi, kabla mteja wa pili hajaingia, mimi kinyozi nilimaliza kuandika shairi la Kijapani la mistari mitatu.

Nilijifunza kwenye kijitabu alichosahau mteja, nikashika misingi, kwamba mstari wa kwanza ni mizani tano, wa kati saba, wa mwisho tano, vina havitakiwi, na msimu wa mwaka lazima utajwe, na mizani naihesabu kwa vidole popote vilipo, hata vikiwa juu ya kichwa cha mtu, hadi mwalimu mmoja akaniuliza, "Fundi, unaninyoa au unanipigia ngoma?" na sasa binti yangu wa pekee anaolewa mwisho wa mwezi, ameniomba mimi, si mjomba wake mwenye beti arobaini, nimsomee shairi ukumbini, nikamjaribia mama yake hili:

*Binti wa baba,*
*upendo wangu kwako*
*hauna mwisho.*

Mama yake akasubiri. Nikamwambia limekwisha.

"Limekwisha wapi, baba watoto? Ukikaa hapo wakwe watadhani umeishiwa pumzi!"

Tena msimu sijautaja, maana mimi misimu naijua ya dukani tu, shule zikikaribia kufunguliwa foleni inafika barabarani, na ndipo hata huyu binti nilikuwa nikimkalisha kwenye ubao juu ya mikono ya kiti nimpunguze nywele, miguu inaning'inia, chini nywele tele, anacheka kila mashine ikimgusa shingo, lakini hayo si ya kusomewa wakwe. Nimwachie mjomba?

Kinyozi mwenye mashaka

*

Kinyozi, hongera, na kofia nimevua. Sasa tega sikio.

Shairi lako ni la kwenye kadi. Upendo usio na mwisho kila baba anao mdomoni, hata yule asiyejua mwanawe yuko darasa la ngapi. Kijitabu hakikukwambia uonyeshe kitu ulichokiona kwa macho, kisha unyamaze? Basi uliruka ukurasa. Na kitu unacho, ila umekimwaga kwenye barua kama nywele za kufagia! Msimu wako ndio huo huo wa shule. Wajapani wanatazama maua, wewe tazama vichwa. Nimekuokotea:

*Kesho ni shule;*
*miguu yaelea*
*juu ya nywele.*

Hesabu mwenyewe, lakini kwenye paja lako, vichwa vya watu uviache.

Mkeo naye ana haki: mistari mitatu hupita kama chafya. Kwa hiyo soma mara mbili, polepole. Mara ya kwanza watashangaa, ya pili wataiona miguu. Usieleze maana, usikohoe, kaa. Mjomba aje baada yako. Kufika ubeti wa kumi watakuwa wanakukumbuka wewe.

Wala usikonde kwa hofu ya wakwe. Nimehudhuria harusi nyingi, na baba wa bi harusi huitwa kwenye kipaza sauti wakati sahani zinagawiwa.