Shikamoo Iliyobaki Hewani

Kwako Dada Veronika,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, ukisoma umesimama unaruka mistari. Hamjambo hapo Ilongero? Alizeti imekubali mwaka huu? Na mgongo wa shemeji unaendeleaje, au bado anausingizia wakati wa palizi tu? Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine nitayasema mwenyewe.

Barua nampa Athumani, yule mwenzetu wa Ikungi ninayefanya naye kazi ya kufua na kukunja mashuka ya hospitali. Anakuja likizo. Ndani ya bahasha kuna flashi. Usiichomeke popote kwanza, maliza kusoma.

Siku ile uliponipigia na kuniambia mama amegeuza kigoda, anakaa ameipa redio mgongo, sikukuelewa. Kisha ukaniambia maneno yake: "Paskali ameacha kuniamkia. Nimemkosea nini mwanangu?" Dada, mtandao haukukatika. Mimi ndiye niliyekata simu, sikutaka unisikie nikilia. Basi leo nakueleza taratibu.

Nilipofika huku Kanada, mpangaji mwenzangu alinionyesha programu ya kurushia redio kwenye intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta, unachomeka maiki, unabonyeza kitufe, taa inakuwa nyekundu, tayari uko hewani dunia nzima na soksi zako miguuni. Wakati huo kila mwenye kompyuta na mdomo alikuwa na stesheni yake. Yangu nikaiita Redio Mtama. Kila Jumapili asubuhi, kwenu ikiwa jioni, nilikuwa napiga ngoma za nyumbani na kusoma salamu kwa Kinyaturu. Watu wetu walinisikiliza kutoka Muscat, Dar, Mwanza, na dereva mmoja wa malori alikuwa ananiandikia akiwa njiani Zambia. Walisalimiana mpaka muda haukutosha. Wiki nzima nilikuwa mkunja mashuka, Jumapili nilikuwa mtangazaji, na nilitembea kama mtangazaji.

Lakini unajua nilikuwa natangaza kwa ajili ya nani. Tangu simu ilipomletea habari ya kifo cha baba, mama hagusi simu. "Kile kinaleta misiba." Redio ndiyo anayoiamini. Ulipounganisha simu yako kwa waya kwenye ile redio kubwa ya baba, ukanisimulia kwamba nikisema "Shikamoo mama" anaitikia kwa nguvu, "Marahaba mwanangu, umekula?" mbele ya majirani, sikulala kwa furaha. Kuanzia hapo nikawa nasema shikamoo, kisha nanyamaza mpaka amalize kuitikia. Programu haikupenda. Walioitengeneza hawajui shikamoo ni nini. Ikisikia kimya inadhani mtangazaji kazimia, inaweka wimbo yenyewe, inamkata mama katikati ya marahaba. Nikaitafutia dawa, nikawa naacha ngoma inalia kwa chini sana, mama anaitikia juu yake.

Halafu watu wakaanza kuondoka. Hawakugombana na mimi, walipata tu magrupu ya WhatsApp na zile video fupi, kila mmoja akawa mtangazaji wa sahani yake ya chakula. Salamu zikakauka. Dereva wa malori akanyamaza. Waliotengeneza programu wakaacha kuihudumia, na kila kompyuta ilipojisasisha, kitu kimoja kiligoma. Kwenye kioo kuna namba inayoonyesha wasikilizaji. Ikashuka mpaka mbili, baadaye ikabaki moja. Nikasema sawa, huyo mmoja ni mama, wengine waende zao.

Ulipokwenda Ikungi kumlea binti yako na mtoto mchanga, mama ukamwacha na shemeji. Kumbe ndipo ile tovuti iliyokusanya stesheni zetu ilipofungwa, na simu uliyomwachia shemeji ilikuwa inapitia humo kunipata. Shemeji alibonyeza ulivyomwelekeza, kimya. Akamwambia mama, "Leo hatangazi." Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Na mimi huku sikukosa hata moja, dada. Nilikuwa namwamkia mama, nanyamaza, namngoja aitikie, nampa habari za baridi, na kioo kinaniambia yupo msikilizaji mmoja. Jumapili zote hizo mama alikuwa na kigoda chake mbele ya redio iliyonyamaza, akijiuliza mtoto gani anapitisha wiki bila kumwamkia mzazi wake.

Baada ya simu yako niliifungua tena stesheni, ile namba bado inasema mmoja. Nikafurahi kijinga kwa dakika moja. Kisha nikakumbuka simu yangu mwenyewe jikoni, ambayo huwa naiacha inacheza Redio Mtama moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila tovuti ile, nijue kama sauti inatoka. Nikaenda nikaizima. Niliporudi kwenye kioo, namba ilikuwa sifuri. Shikamoo zote za Jumapili hizo zilikwenda kwa birika na sufuria.

Wiki hiyo hiyo programu ikakataa kufunguka kabisa. Nimejaribu nyingine mbili. Moja inakata matangazo kila nikinyamaza. Nyingine inataka sura yangu, na mama haangalii, anasikiliza. Wewe nawe umejaribu, sikulaumu. Ulichomeka simu kwenye redio nikapiga, ikaita, mama aliposikia ule mlio akatoka nje. Ukamchezea sauti niliyokutumia WhatsApp, na mimi mpumbavu nikasema shikamoo nikaunganisha na habari bila kupumua, kama watu wa huku. Ukaniambia alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga. "Hata nafasi ya kuitikia hanipi." Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ulipomwambia mashine ya Paskali imekufa, akakuuliza tangu lini mashine ikamzuia mtu kumwamkia mama yake.

Usiniambie nije. Kibali changu cha kukaa bado kinazunguka ofisini kwao, nikitoka siingii tena, na nikirudi huko mikono mitupu nitakuwa mdomo mwingine kwenye shamba lile lile. Nimeacha kupanga. Naamka, nakunja mashuka, nalala. Maiki nimeifunika kwa soksi isiingie vumbi, ingawa sijui naitunzia nini.

Nisalimie shemeji, umwambie simlaumu kwa neno lile la "leo hatangazi", angejuaje. Msalimie binti yako na mjukuu ambaye sijamwona. Na katekista aliyekuwa akileta majina ya kusalimiwa, mwambie majina yake ya mwisho yamebaki kwangu, sikuyasoma.

Sasa flashi. Redio ya baba ina tundu lake, pembeni ya lile la waya. Ngoja Jumapili jioni, usimdanganye mama kwamba niko hewani, mwambie hii ni flashi. Nimerekodi ngoma moja, kisha nikasema shikamoo mama, kisha nikanyamaza. Nimenyamaza muda mrefu, na ngoma iko kwa chini kama zamani. Hakuna kingine humo, sikuweka habari. Usiiharakishe mbele.

Akiitikia, niandikie alivyosema, neno kwa neno. Sijawahi kuisikia marahaba yake tangu niondoke, redio ilikuwa inakwenda upande mmoja tu, zote nilizipata kwa mdomo wako. Lakini sina matumaini makubwa, namjua mama akishaumia. Basi akinyamaza mpaka ngoma iishe, wewe ni dada yangu mkubwa, unayo haki hiyo. Niitikie wewe, hapo hapo mbele yake, kwa sauti.

Mdogo wako,
Paskali