Wastani wa Darasa

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Baba mpendwa,

Mulembe, Baba. Barua hii ikukute mzima, mgongo haukusumbui na vumbi la Kitui halijakuziba kifua. Sisi huku hatujambo. Mama bado anawapikia chai wakubwa wa ofisi kule Upper Hill, na amesema nikuulize kama ile sweta unaivaa ama umeikunja tu kwenye begi. Mimi pia ni mzima wa mwili. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu mtandao wa huko kwenu hukatika mtu akifika penye maana, na nina mambo ambayo nataka uyasome mara mbili.

Mama ameniambia kwamba mwisho wa mwezi unaacha kazi ya bwawa urudi nyumbani, ati alama zangu zimeshuka tangu uondoke na kosa ni lako. Tafadhali, Baba, usizungumze na msimamizi wako kabla hujafika chini kabisa ya barua hii. Ndeti wa lori la saruji ndiye anayeileta. Ameahidi kwamba Jumatano hatageuza lori bila jibu lako.

Unajua jinsi nilivyo. Wewe ndiye uliyekuwa ukinibeba mabegani kwenda kanisani nikihesabu mabati ya paa za watu, na mtu akituamkia nilikuwa namjibu kwa idadi. Nyumbani mliona raha. Shuleni ni hadithi nyingine. Nilipoanza kidato cha kwanza hapa Loresho, wasichana waliniita Calcu. Mwanzoni nilidhani ni jina la heshima. Baadaye niligundua kwamba nikifika penye kundi, maongezi yanakatika, na mtu mmoja ananiuliza saba mara kumi na tisa ni ngapi ili wengine wacheke. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa najibu.

Siku iliyoniuma zaidi ni ile ya kadi. Wakati wa mapumziko wasichana hucheza karata, na ukikaribia kumaliza ni lazima useme "niko kadi". Anita, yule msichana wa Kilimani niliyekuonyesha siku ya wazazi, alinikaribisha kwenye benchi lao. Nilifurahi mno. Anita alipotangaza kwamba yuko kadi, nilimwambia kwa upole kabisa kwamba alichobaki nacho ni saba ya maua, na kwamba Wangeci, aliyekaa kando yake, ana karata mbili za kumzuia. Sikuchungulia karata za mtu, nilikumbuka tu zilizopita. Waliziweka karata chini. Wangeci akasema mimi si wa kucheza na watu. Kuanzia siku hiyo nilikula chapati yangu peke yangu karibu na mfereji, na nilikuwa najua ni hatua mia moja na kumi na mbili kutoka hapo hadi kwenye benchi lao.

Mwaka huu wa kidato cha tatu, tangu ulipokwenda Kitui, mambo yaligeuka. Alama zangu za hesabu zikawa kama ulivyoziona kwenye ripoti, na wenzangu wakanipokea. Mtihani wa kwanza niliopata hamsini na nne, Anita alinishika bega akaniambia nisijali, tutasoma pamoja. Baba, sijawahi kupewa pole tamu namna ile. Nilipata mahali kwenye benchi. Nilialikwa kwao Kilimani, tukapanda lifti hadi orofa ya tisa na mama yake akanipakulia wali mara mbili. Nilikuwa mtu kama watu.

Halafu wiki tatu zilizopita Mwalimu Kiarie akaniita kwenye ofisi ya walimu. Alikuwa amepanga karatasi zangu tano za mwaka huu juu ya meza, na kando ya kila moja ameandika wastani wa darasa. Hamsini na nne, hamsini na nne. Sitini na moja, sitini na moja. Arobaini na saba, arobaini na saba. Ya nne vilevile. Ya tano tu ndiyo iliyopishana kwa alama moja. Akaniambia kwamba mwanafunzi asiyejua hukosea popote, lakini huyu hukosea kwa kipimo. Akataka kujua nimewezaje kuufikia wastani ambao hata yeye hakuwa ameupiga bado.

Nilimweleza. Wakati wa mtihani namaliza mapema, kisha naangalia nani ameweka kalamu chini kwenye swali la ngapi, nani anafutafuta, nani anatazama dari. Najumlisha darasa zima, nagawanya, halafu narudi kuharibu majibu yangu hadi nifike hapo. Ile ya tano ilinitoroka kwa sababu Wangeci alinakili kwa jirani, jambo ambalo sikuwa nimeliweka kwenye hesabu. Mwalimu Kiarie alicheka hadi walimu wengine wakageuka. Kisha akaacha kucheka, akasema amefundisha miaka ishirini na mbili na hajawahi kuona akili kubwa namna hiyo ikifanyishwa kazi ndogo namna hiyo.

Basi hilo ndilo ungamo langu, Baba. Zitoe zile ripoti kwenye begi uziangalie tena. Alama yangu na wastani wa darasa zimesimama bega kwa bega, muhula baada ya muhula. Sikushuka kwa sababu uliondoka. Nilijishusha mwenyewe, na wewe ukabeba lawama ambayo si yako. Nisamehe.

Kinachonichoma ni kwamba kila asubuhi nikienda shule napita kwenye ule ukuta wako wa Loresho. Unakumbuka mwenye nyumba alivyotaka ujenge ukifuata ukuta wa jirani uliolala upande, ati zifanane? Ulimwambia timazi haijui jirani, ukachukua mwiko wako ukaja nyumbani, na wiki hiyo tulikula sukuma bila kulalamika. Nusu yako bado imenyooka. Ile nusu aliyomalizia mtu mwingine imeegemezewa magogo. Mimi ndiye mtoto wa huyo fundi, na mwaka mzima nimekuwa nikipinda nifanane na jirani.

Mtihani wa sita sikumwangalia mtu. Nilipata zote. Anita aliposikia alilia kwa hasira, akaniuliza kama siku zote walizokuwa wakinipa pole nilikuwa nawapima. Nilimjibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa siku tisa nilirudi kula karibu na mfereji. Siku ya kumi Anita alikuja akaniambia nirudi kwenye benchi, lakini safari hii nicheze yangu, nisiwaonee huruma. Nilicheza yangu. Niliwashinda mara sita mfululizo. Mara ya saba Anita akanifunga kwa haki kabisa, akazunguka uwanja akipiga kelele kama aliyeshinda kura. Sijawahi kufurahia kushindwa kiasi hicho.

Ndani ya bahasha hii kuna fomu. Jumamosi ijayo, kwenye ukumbi mmoja pale Upper Hill, watachagua wasichana sita wa kuiwakilisha nchi katika mashindano ya hesabu, na Mwalimu Kiarie ametuma jina langu. Mama yuko tayari kutia sahihi mahali pa mzazi, lakini nimemwomba apaache wazi. Nataka pawe na jina lako. Kama huna kalamu, tumia ile penseli bapa ya kazi.

Usirudi kwa sababu ya alama zangu, Baba. Jenga hilo bwawa lako linyooke, uje Krismasi ukiwa umemaliza. Mimi Jumamosi nitakaa kati ya watu nisiowajua, na sitainua macho kuona ni nani ameweka kalamu chini.

Mama anakusalimu sana, na mwenye nyumba wetu hapa Kangemi pia, na kanisa zima limeuliza habari zako. Wasalimie mafundi wenzako, umwambie yule anayekoroma kwamba tunamwombea. Mungu akulinde.

Ni mimi binti yako, nisiye wa wastani,

Lornah Nekesa Wesonga