Kinachogonga Nyuma Kushoto

Jumatatu, 9 Juni

Matuta ya barabarani Ihumwa tena. Ko, ko. Ni nyuma, ila upande gani sijui. Mwanangu Neema anadai kulia, mimi nasema katikati, baba yake anasema nimeanza kuzeeka. Shokabsoba mpya na bado gari linagonga.

Jumamosi Salma anakuja kutoka Kondoa kulinunua. Binti mpole, kwenye simu kaniamkia shikamoo mara mbili. Anataka gari la kumleta mama yake kliniki hapa Dodoma. Siwezi kumpa gari linalogonga. Mume wangu amekubali, kesho gereji. Nimefurahi. Mwanaume mwingine angesema achukue hivyo hivyo.

Jumanne, 10 Juni

Naandika vibaya leo.

Fundi Mussa alitingisha matairi, akaingia chini, hakuona kitu. Akasema gari likisimama halisemi, lazima mtu alale kwenye buti asikilize likitembea. Baba Neema haenei humo, tumbo lile. Nikapanda mimi, na sketi yangu ya ofisini. Wakazima redio ili nisikie vizuri. Fundi anaendesha, mume wangu pembeni yake. Tuta la kwanza, ko, chini kabisa ya sikio langu la kushoto. Nilitaka kupiga kelele kwamba nimeipata.

Ndipo nikamsikia mume wangu. Hata hakunong'ona. Sauti ile ile ya kuomba chumvi mezani.

"Ukiipata usinibadilishie kitu. Inyamazishe tu mpaka Jumamosi. Yule binti hajui magari. Na huyu wangu nikimwambia ni bushi, kale kampira tu, ataamini."

Fundi akasema sawa, bosi.

Niliposhuka nilisema ni kushoto. Basi. Wakadhani vumbi limenikaba.

Huyu wangu.

Jumatano, 11 Juni

Gari limerudi. Kimya kabisa. Akasema, ilikuwa bushi tu, mama Neema. Nikamkazia macho nione kama kuna chochote usoni. Hamna. Alikuwa anamenya chungwa.

Sijala.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetoka kazini mapema, nikapita gereji. Fundi Mussa hakutaka kuniangalia. Nikamwambia kule nyuma nilisikia yote. Akakaa juu ya tairi bovu, akanieleza. Siyo bushi. Kile chuma kinachoshikilia tairi la nyuma kimepasuka. Yeye amekibana kwa kipande cha mpira na waya ili kisigonge. Nikauliza, kikikatika gari likiwa kwenye mwendo? Akasema tairi litaenda linakotaka, na gari litalifuata.

Barabara ya Kondoa. Mama mgonjwa kiti cha nyuma.

Nikauliza kama mume wangu anajua kimepasuka. Nilikuwa naomba aseme hapana. Akasema anajua, alipamulika mwenyewe kwa simu yake.

Juzi nilidhani nimeshashtuka basi. Kumbe bado. Nimelala na mtu huyu miaka yote hii na simjui.

Ijumaa, 13 Juni

Baba Neema kaenda kuangalia mpira. Nikatandika khanga chini ya gari, nikaingia na kisu cha jikoni na koleo. Gari letu liko juu, nilipenya bila jeki. Waya umenichana kidole. Mpira umetoka mzima, nimeufukia kwenye gunia la mkaa. Najiona mwizi nyumbani kwangu.

Ningeweza kumwambia kwamba najua. Naogopa atanipa jibu zuri na mimi nitaliamini.

Jumamosi, 14 Juni

Salma alifika asubuhi. Baba Neema akachukua funguo. Nikamwambia leo naendesha mimi, akacheka, akanipa. Nikafungua buti.

"Mdogo wangu, usinunue gari kwa macho. Lala humu usikilize."

Alishangaa, lakini akapanda, akakusanya baibui lake. Nikazima redio. Nikaenda polepole, hapo hapo mtaani. Tuta. Ko. Baba Neema akashika dashibodi. Tuta la pili. Ko. Kisha sauti ya Salma ikaja kutoka nyuma, wazi, utadhani kakaa katikati yetu.

"Dada, huku kushoto kuna kitu kinagonga."

Mume wangu akageuka kuangalia nyuma. Halafu akaniangalia mimi. Alikuwa hajui kwamba aliye kule na walio mbele husikiana hivyo; sasa akajua kwamba Jumanne nilimsikia. Uso ulimshuka, sijawahi kumwona vile. Sikuona raha niliyoitarajia. Nilisikia baridi tu.

Salma nimempeleka stendi mwenyewe. Nilimweleza yote. Alinikumbatia, akapanda basi.

Jumanne, 17 Juni

Upepo mwingi. Hatujagombana. Anatembea humu ndani kama mgeni, anauliza hata sukari iko wapi.

Jioni akasema chuma kipya kimefungwa. Nikachukua tochi na khanga, nikaingia chini. Ni kweli, kipya, rangi yake nyeusi haijachubuka hata kidogo. Nikashika kila nati. Kutoka pale chini niliiona miguu yake imesimama karibu na tairi, na ndala zake. Haikusogea muda wote.

Nilipotoka alinipangusa vumbi mgongoni. Nikamwacha apanguse. Nikamwambia nimekiona.