Ubao Ulisema Nafasi Bado Ipo

Mshauri, shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, na hii ya tano naiandika chumba cha kubadilishia nguo wenzangu wakiwa wamekwenda kula, kwa hiyo mwandiko univumilie, na nakuomba unijibu kabla ya Jumatatu maana baada ya hapo hautakuwa ushauri tena, utakuwa pole.

Nafanya kazi kwenye bustani ya michezo, ya mabembea na mitelezo ya maji, nasimama geti dogo la wenye kadi za mwaka, huu mwaka wa sita. Kadi ya mwaka unalipa mara moja unaingia siku yoyote, ndivyo tangazo linavyosema, lakini kadi zimeuzwa nyingi mno mpaka bustani haina pumzi, wakubwa wakaona waweke siku nyekundu kwenye kalenda, sikukuu na siku za shule kufungwa, na siku hizo mwenye kadi haingii, anaingia wa tiketi ya siku tu. Waliopanga hayo hawasimami getini. Nasimama mimi, natukanwa tangu asubuhi na watu waliowavalisha watoto nguo za kuogelea tangu nyumbani, na mimi samahani mama, samahani baba, mpaka jioni midomo imekauka.

Yalianza kwa dada yangu. Dada huyu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, mimi nikiwa darasa la tatu, na kadi yake na za wanawe wawili alizinunua kwa kujibana, tena mimi ndiye niliyemshauri anunue, halafu siku aliyopata likizo ikawa nyekundu. Hakugombana. Aliniangalia tu mbele ya watoto akasema, "Hata wewe?" Nikashindwa, mshauri. Nikawazungusha nyuma nikawapitisha mlango wa wafanyakazi, ambao hauna mashine ya kusoma kadi, nikajiambia watu watatu hawawezi kuijaza bustani.

Siku nyekundu iliyofuata akaja na jirani. Kisha shemeji, kisha fundi cherehani wa mtaani kwetu na wanawe, fundi akamwambia kinyozi, kinyozi unajua tena mdomo wake, na kila anayekuja ana kadi halali mkononi, analalamika kwa haki yake, sasa nimpitishe nani nimrudishe nani? Mtaani wakaanza kuniita Funguo, na mimi nikacheka nao. Sikupokea hata soda ya mtu, nakuapia, ilikuwa huruma, na labda nilipenda kidogo kuonekana mtu wa maana baada ya miaka ya kuwa mtu wa samahani.

Sasa nikueleze. Mashine za magetini ndizo zinazohesabu watu, na namba inatokea kwenye ubao wa taa pale daraja la kuvukia upande wa maji. Mlinzi wa daraja anafuata ubao, namba ikifika elfu moja anafunga mnyororo, isipofika anaacha watu wavuke. Wiki mbili zilizopita, siku ya shule kufungwa, nilipitisha watu mia na kumi na nne nyuma ya mashine. Saa nane jua likawa kali, kila mtu akataka maji, ubao unasoma mia tisa na arobaini, mlinzi akaacha mnyororo wazi kama alivyofundishwa, daraja likajaa, wa mbele hawaendi, wa nyuma wanasukuma, na aliyeanguka akakanyagwa ni mtoto wa dada yangu, yule mdogo. Mkono umevunjika sehemu mbili.

Mlinzi huyo tunamwita Babu Daraja, ndiye aliyenifundisha kazi, amebakiza miezi mitano astaafu. Wanasema alikuwa anasinzia. Amesimamishwa, kikao chake ni Jumatatu, na malalamiko yaliyomfikisha huko ameyaandika dada yangu. Juzi mzee alinipigia simu, sauti ya chini, akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa kazini siku ile. Nisemee tu kwamba ubao ulisoma vile. Nimeanza kuyatilia shaka macho yangu." Nikasema ndiyo babu, nikakata.

Dada nilimwambia kila kitu pembeni ya kitanda cha mtoto. Akasema, "Ukisema, kazi umepoteza, na mimi nitakuwa nimemvunja mwanangu mwenyewe. Mzee amebakiza miezi mitano tu."

Ninachouliza ni hiki, nikienda Jumatatu nikasema tu kwamba ubao ulisoma mia tisa na arobaini, nikaishia hapo, si nitakuwa nimesema kweli? Nimechoka, mshauri. Jina langu lifiche.

Wa geti dogo

JIBU

Wa geti dogo, marahaba. Pole kwa mtoto, na pole kwako. Sasa kaa vizuri.

Hiyo kweli unayotaka kuipeleka Jumatatu ni nusu, na nusu hiyo itammaliza mzee kuliko hata ungenyamaza. Wataikagua mashine, wataikuta nzima. Watamrudia yeye: ubao mzima, watu walikuwa pungufu, basi wewe ulisimamiaje mpaka wakakanyagana? Atajibu nini, na wewe umekaa kiti cha pili umefumba mdomo?

Huruma yako siikatai, ya siku ya kwanza. Nani angemtazama dada aliyemlea akamfungia geti? Lakini ya kinyozi na ukoo wake haikuwa huruma, ulikuwa unapenda jina, na umekiri mwenyewe, hilo nakusifu. Fikiria yule wa tiketi ya siku aliyekuja na wanawe akiamini kuna mtu anahesabu. Mwenye kuhesabu ulikuwa wewe.

Tena miaka sita unatukanwa, uliwahi kuwaandikia wakubwa hata karatasi moja, kwamba leo nimerudisha watu mia mbili wenye kadi? Hukuandika. Na hao wakubwa nao wameuza kadi bila kuangalia uwanja wao una ukubwa gani, wakakuacha wewe uombe radhi. Wana lao la kujibu. Ila hakuna atakayewauliza maadamu yupo mzee wa kubebeshwa.

Dada yako amechanganyikiwa, ana mtoto kitandani, simlaumu sana. Alikulea, Mungu ambariki. Hakukulea ili mzee wa watu afukuzwe wewe ukiangalia. Na hiyo miezi mitano anayoisema kama kitu kidogo, mtu aliyebakiza miezi mitano akichafuliwa hana muda wa kujisafisha, anaondoka hivyo hivyo na anakufa nayo.

Nenda kwa mzee kwanza. Kwa miguu yako, achana na simu. Mwambie macho yake hayana tatizo, halafu mwambie ile namba, mia na kumi na nne, na mlango waliopita. Akikufokea, kaa. Akikunyamazia, kaa pia. Ukitoka hapo andika karatasi moja: tarehe, mlango, idadi. Majina ya majirani usiyaweke, mlango ulifungua wewe. Mpelekee meneja kabla ya kikao na ubaki na nakala yenye muhuri. Dada umwambie ukishaipeleka, si kabla, maana ukimwambia kabla atalia na wewe utaichana ya sita.

Kazi huenda ukaipoteza. Sikudanganyi, na sina la kukupa badala yake.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Daraja na ubao nimeshindwa kuvificha, bila hivyo hakuna kisa. Leo ni Jumamosi, na mtu aliyesimamishwa kazi hana haraka asubuhi, analisoma gazeti tangu ukurasa wa mbele mpaka huku kwetu. Akifika hapa atajijua, na wewe atakujua. Funga gazeti sasa hivi, nenda ukambishie hodi kabla hajafika ukurasa huu.