Njia ya Ng'ombe Shambani kwa Baba

Nemba, Biharamulo

Kaka yangu mpendwa William,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako Rozina. Nakuulizia hali, na kile kifua chako kilichokusumbua tulipoonana mahakamani. Mimi mwili ni mzima. Ya nyumbani nitakueleza taratibu. Naomba ukae chini uyasome yote.

Tangu ulipofungwa kwa kuwakata mapanga ng'ombe wa Mzee Abeli, baba hakutulia. Serikali ilipoleta fedha za kuchimba lambo la kunyweshea mifugo na kujenga josho la kuiogeshea, ili wafugaji na wakulima waache kuumizana, uliitishwa mkutano. Afisa wa mifugo alieleza kuwa ng'ombe wanahitaji njia ya kufika majini. Hakuna mwenye shamba aliyejitolea, maana fedha za fidia hazikuwemo. Baba akasimama, akatoa ule ukanda wetu wa migomba unaoshuka bondeni. Jirani yetu, Mama Christina, akamuuliza kama ana akili timamu. Baba akamjibu, "Natoa migomba ili mtoto wa mwenzangu asifungwe kama wangu."

Mwaka wa kwanza tulipumua. Mahindi tulivuna yote. Lakini habari za maji hazifichiki. Kiangazi kilichofuata wafugaji wa mbali wakahamia huku na makundi yao, na njia ikawa haitoshi. Ng'ombe wakamwagika mashambani, shamba la Mama Christina likabaki mabua. Watu wakasema serikali inawasikiliza wenye ng'ombe kwa sababu ya ushuru wa mnadani, na kwamba sisi wa jembe tungepiga kelele tungepata kitu. Afisa alikuwa mbali, baba alikuwa karibu. Hasira ikamwangukia yeye. Wakamwita muuza kijiji. Hata kanisani, benchi alilokaa watu walilihama.

Kaka, nimezunguka vya kutosha. Baba hatunaye. Homa ilimshika baada ya Pasaka, akakata roho kabla hatujafika hospitali. Sikutaka uambiwe na askari mlangoni, ndiyo maana nimeandika kwa mkono wangu.

Nililia msiba, lakini hakuja jirani hata mmoja na jembe. Nikaanza kuchimba kaburi mwenyewe. Udongo ulikuwa mgumu, nikawa nachimba huku nalia. Ndipo akaja Mzee Abeli na wanawe. Wakanipokea jembe, wakachimba hadi mwisho, wakambeba baba, tukamzika. Niliwapikia ugali na maharage. Wakala uani petu, nami aibu ikanijaa, nikamwomba mzee msamaha kwa ajili yako. Aliniuliza tu kama huko mnapewa mablanketi.

Shangazi Secilia anakusalimu sana na anakuombea. Usilie peke yako. Mtafute yule padre anayewatembelea. Mungu akushike mkono.

Ni mimi dada yako mwenye majonzi,
Rozina